Ukienda Rwanda kufundisha Kiingereza, utakaa mji gani?

MPWA wangu alifika nyumbani Jumapili moja mwezi wa Juni 2025 akiwa na simu mkononi na bashasha tele usoni. Ni mwalimu aliyehitimu, Kiingereza na Fasihi, na nambari ya TSC anayo tangu 2019. Barua ya ajira ya kudumu ndiyo hajaiona. Miaka hiyo yote amekuwa akiajiriwa na bodi za shule, muhula huu hapa, muhula ujao kule, kwa malipo ambayo nauli peke yake humaliza nusu.

Sasa alikuwa amepata barua mbili kwa mpigo, zote kutoka shule za sekondari nchini Rwanda. Moja ilitoka mji wa Rubavu, nyingine mji wa Huye.

"Mjomba, hebu tazama!" akasema, akinisogezea simu. Ilikuwa picha ya ziwa. Maji ya samawati, mchanga, michikichi iliyopangwa kando ya barabara safi, na milima kwa mbali. "Shule iko papa hapa. Natoka darasani natia miguu majini."

"Na hii nyingine ya Huye?"

"Ah, hiyo naambiwa ni mji wa wanafunzi na mapadri. Hakuna kitu."

Nilicheka, na si kwa kumdharau. Januari 2010 mimi mwenyewe nilipanda basi jioni pale Nairobi nikiwa na picha ya ziwa hilo hilo kichwani, ingawa wakati huo watu wengi bado waliuita mji kwa jina lake la zamani, Gisenyi. Nilikaa Rwanda miaka minne kasoro. Miezi saba ya kwanza nilikuwa Rubavu, na iliyobaki nikawa Huye, mji uliokuwa ukiitwa Butare kabla ya majina kubadilishwa mwaka wa 2006. Kwa hiyo binti huyu alipouliza, "Mjomba, niende wapi?" nilimwambia aketi, na mama yake akatuletea chai, kwani swali lilikuwa refu kuliko alivyodhani.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini Rwanda, ilhali magazeti yamejaa habari za walimu wa Kiingereza wanaokwenda Asia. Sababu ni kwamba nchi nyingi za huko humtazama mtu pasipoti kabla ya kumtazama cheti. Korea Kusini, kwa mfano, viza yake ya walimu wa lugha kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu zinazohesabiwa kuwa na Kiingereza cha kuzaliwa nacho, na katika bara letu zima ni Afrika Kusini pekee iliyomo. Mkenya aliyeimba kwa Kiingereza tangu chekechea huambiwa asimame nje.

Rwanda mambo ni mengine. Mwaka wa 2008 serikali ya huko iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa shuleni. Kuanzia 2009 walimu waliokuwa wamefundisha hesabu na fizikia kwa Kifaransa maisha yao yote wakajikuta wamesimama ubaoni na lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2007, na Novemba 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Walimu wakatafutwa Uganda, wakatafutwa na Kenya. Na haja haikuisha hapo. Mwaka wa 2019 ilitangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza, baada ya madarasa ya chini kuwa yamerudishiwa Kinyarwanda kwa miaka kadhaa, na mwaka wa 2022 waliwasili walimu kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali hizo mbili. Mwaka uo huo mishahara ya walimu wa serikali iliongezwa, wa msingi kwa asilimia 88 na wa sekondari kwa asilimia 40. Nayo shule ya kibinafsi inayotaka mwalimu mgeni haiwezi kubaki nyuma sana.

Kwa hivyo kazi ipo. Linalowashinda wengi wetu ni kuchagua mahali, na aghalabu tunachagua kwa macho ya mtalii.

Ziwa halilipi kodi

Sitaki kuutukana mji wa Rubavu. Ni mzuri la mno. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea kando ya Nyanza ni kama hadithi. Asubuhi unaona mitumbwi ya wavuvi ikirudi mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, na wavuvi wakiimba. Usiku, mbingu zikiwa safi, unaona wekundu wa mlima Nyiragongo upande wa pili wa mpaka. Mwezi wa kwanza nilikuwa naandika barua nyumbani kila wiki.

Mwezi wa pili mwenye nyumba alinieleza mambo ya kodi. Nyumba za karibu na ziwa hazikupangwa kwa kipimo cha mshahara wa mwalimu. Zilipangwa kwa kipimo cha watu waliokuja kupumzika kutoka Kigali kila Jumamosi, na cha wafanyakazi wa mashirika waliokuwa na ofisi Goma na kupendelea kulala upande wa Rwanda. Nikahamia mlimani, mbali na maji, katika chumba kimoja. Ziwa nikawa naliona Jumapili, kama watalii wengine.

Halafu kulikuwa na jambo la lugha, ambalo sikulitazamia hata kidogo. Rubavu na Goma ni miji iliyopakana ukuta kwa ukuta, na kila siku maelfu ya wafanyabiashara, wengi wao kina mama, huvuka kwa miguu na mizigo yao ya nyanya na vitunguu. Lugha ya biashara hiyo ni Kiswahili. Nilipokwenda sokoni nilijibiwa kwa Kiswahili, kinyozi alinisimulia habari za mji kwa Kiswahili, na wanafunzi wangu walipogundua kwamba mwalimu ni Mkenya, basi, Kiingereza kiliisha kengele ilipolia. Kwa mgeni mpweke hiyo ni raha kubwa. Kwa mtu aliyelipwa kufundisha Kiingereza ni kama kuuza maji kando ya mto. Mwisho wa muhula nilisahihisha insha nikaona hawajasogea.

Shule yenyewe, ambayo sitaitaja, ilinikalia na mishahara ya miezi miwili. Nilipouliza, niliambiwa wazazi hawajalipa karo. Nilipoutazama mkataba wangu niliona hausemi lolote juu ya tarehe ya malipo. Kosa hilo lilikuwa langu, nami nilimwambia mpwa wangu alisome hilo kwanza kabla ya kuuliza habari za mchanga na michikichi.

Na yako mengine ya Rubavu ambayo picha haiyaonyeshi. Nyiragongo ililipuka Januari 2002, lava ikapita katikati ya Goma, na watu wakakimbilia Gisenyi kwa makundi makubwa. Ikalipuka tena Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba Rubavu. Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipouteka mji wa Goma, makombora yalianguka upande wa Rwanda pia na kuua raia. Mtu asiye na jamaa wa kumtegemea anaweza kusema liwalo na liwe. Mpwa wangu ana mtoto wa miaka mitatu.

Hapo dada yangu, aliyekuwa akijifanya hasikii, aliweka kikombe chini. "Mtoto atabaki kwangu," akasema. Binti akanyamaza. Nikaona kwamba swali la mji lilikuwa limejificha ndani ya swali jingine.

Mji wa mapadri

Huye uko kusini, kiasi cha kilomita 130 kutoka Kigali, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa basi kupitia vilima visivyokwisha. Mpwa wangu hakukosea alipoambiwa ni mji wa wanafunzi na mapadri. Kanisa kuu la matofali mekundu liko pale, na chuo kikuu cha taifa kilifunguliwa pale mwaka wa 1963, kabla ya kuunganishwa na vyuo vingine mwaka wa 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Kuna jumba la makumbusho ya mila na desturi lililofunguliwa 1989. Kuna barabara kuu moja. Saa mbili za usiku, kama huna rafiki, unalala. Anayejua Njoro na watu wake wa Egerton ataelewa.

Nilihamia huko Agosti 2010 kwa sababu shule moja ilinipa nyumba ndani ya uwanja wake. Hiyo tu. Sikutazamia kuupenda.

Lakini Huye ulikuwa ndio moyo wa Kifaransa. Wahadhiri walisoma kwa Kifaransa, mapadri walihubiri kwacho, na walimu wenzangu walikuwa wamejijengea heshima kwacho. Katika chumba cha walimu alikuwamo mzee mmoja wa fizikia, miaka karibu thelathini kazini, mtu ambaye madaktari na mahakimu wa mji walimwamkia kwa kuinama kwa kuwa aliwafundisha. Sasa alisimama mbele ya watoto wa kidato cha pili akitafuta neno la "msuguano" kwa Kiingereza na kulikosa, na watoto wakicheka chini kwa chini.

Mkuu wa shule alinitaka niwe nakaa nyuma ya darasa lake nimsahihishe. Nilikataa. Ningekuwa nimemmaliza. Badala yake nilimwomba yeye anifundishe Kinyarwanda kila jioni, na katikati ya Kinyarwanda ndipo Kiingereza kilipopenya. Alikuwa na daftari la kurasa nyingi aliloandika maneno ya somo lake: Kifaransa kushoto, Kiingereza kulia, na matamshi kwa penseli. Baada ya mwaka mmoja watoto waliacha kucheka. Nimefundisha mamia ya wanafunzi maishani mwangu, ila nikiulizwa kazi yangu iliyo bora ilikuwa ipi, namtaja mzee huyo, na sikuwahi kuwa mwalimu wake rasmi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walisahau kuongeza kwamba mgeni naye anaweza kumjeruhi mwenyeji bila kujua. Machi 2011 niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ambayo kila mwalimu wa Kiingereza nchini Kenya ameitoa: waandike habari za babu na bibi zao. Niliandika kichwa ubaoni, nikageuka, nikakuta darasa limekuwa kimya kabisa. Hakuna aliyeshika kalamu. Watoto wale walikuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba. Hesabu ni rahisi, na mimi sikuifanya. Msichana mmoja alisimama, akaomba kwa adabu kama anaweza kuandika kuhusu mwalimu wake wa zamani. Nilifuta ubao. Kuanzia tarehe 7 Aprili kila mwaka nchi huingia katika maombolezo ya mauaji ya halaiki ya 1994, na mgeni anayetaka kufundisha lugha kule, lugha ambayo kazi yake kubwa ni kumfanya mtu asimulie habari zake, lazima ajue ni maswali gani hayaulizwi. Kabila la mtu ni la kwanza.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, Mkenya ana mtaji asioujua. Mtoto wa Huye huandika kwa Kiingereza kwamba "ana" miaka kumi na mitano, kwa sababu Kifaransa husema hivyo. Kiswahili nacho husema hivyo. Mwalimu aliyetoka ng'ambo hushangaa kosa limetoka wapi, lakini wewe unalijua chanzo chake. Tena katika Kinyarwanda "l" na "r" hazitenganishi maana, kwa hiyo mchele na chawa hugeuka kuwa neno moja la Kiingereza katika kinywa cha mwanafunzi. Nani miongoni mwetu hakukua na jirani wa namna hiyo? Wengine tulikuwa ndio majirani hao.

Kigali na Musanze

Mpwa wangu aliuliza mbona hatuzungumzii Kigali. Kigali ndiko kwenye nafasi nyingi na malipo makubwa zaidi, na ndiko kwenye Wakenya wenzako, uwanja wa ndege na hospitali kubwa. Mtaa wa Nyamirambo una Kiswahili kingi na chapati za moto. Hata hivyo kodi ya huko humeza nyongeza yote ya mshahara, na shule nzuri zimejaa waombaji kutoka kila pembe ya dunia. Mwenye nyumba ya kukaribishwa au mkataba unaolipa kodi, na aende. Mwingine afanye hesabu mara mbili.

Musanze, kaskazini, kwa watu wa Kinangop na Molo ni nyumbani kabisa. Baridi, viazi, udongo mweusi wa volkeno, na mashamba ya pareto yaliyonitoa machozi ya ukumbusho. Watalii wa sokwe hufika huko kila siku, kwa hiyo vijana wa hoteli na waongozaji wana hamu ya kweli ya Kiingereza na huweza kulipia masomo ya jioni. Mwalimu anayetaka kipato cha pembeni auchunguze mji huo. Lakini abebe sweta.

Basi niliporudi kwa zile barua mbili, sikumwambia binti achague upi. Nilimwambia aandikie shule zote mbili maswali yale yale. Nyumba ni ya nani, na nani hulipa kodi? Mshahara huingia tarehe ngapi, na kwa faranga au kwa dola? Nani hushughulikia kibali cha kazi? Maana kuvuka mpaka Mkenya huweza kwa kitambulisho tu tangu 2014, lakini kuvuka si kuajiriwa, na wapo waliorudishwa kwa kuchanganya mambo hayo mawili. Masomo huanza Septemba siku hizi, si Januari kama zamani zetu, kwa hivyo cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi kiombwe mapema. Na swali la mwisho, ambalo nilimwomba aliandike kwa herufi kubwa: nikija na mtoto wa miaka mitatu, atakaa wapi nikiwa darasani?

Shule ya Rubavu ilijibu baada ya wiki mbili, mistari mitatu, na picha nyingine ya ziwa. Ya Huye ilijibu baada ya siku nne. Nyumba ya vyumba viwili ndani ya uwanja. Chekechea ya masista hatua mia mbili kutoka langoni. Hospitali ya chuo kikuu mjini humo humo. Mshahara ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa Rubavu, lakini bila kodi ya nyumba ulibaki mkubwa.

Dada yangu hakuridhika. Alisema mtoto ataharibiwa lugha. Nilimweleza kwamba mtoto wa miaka mitatu hujifunza Kinyarwanda katika muhula mmoja na hukisahau katika likizo moja. Alisema njia ni ndefu, na hapo hakukosea. Kutoka Nairobi hadi Kigali kwa basi ni usiku na mchana kupitia Kampala, na mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwaka wa 2019 ulikaa hivyo hadi mwisho wa Januari 2022. Mambo ya wakubwa yakikorofika, anayeteseka ni mama mwenye mtoto mgongoni. Sikuwa na jibu la hilo. Binti mwenyewe ndiye aliyelijibu. Alisema, taratibu, kwamba akimwacha mtoto, basi mji wowote atakaokwenda utakuwa mbaya.

Waliondoka pamoja wiki ya mwisho ya Agosti. Dada yangu alifunga chapati thelathini.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu usiku, kwao saa mbili, kwetu saa tatu. Alilalamika kwamba mji umelala, kwamba magari yanapita upande usio wake na ameponea chupuchupu kugongwa mara mbili, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atatakiwa kwenda umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, naye hana gambuti. Mtoto amejifunza kusema "murakoze" na anamshukuru kila mtu, hata mbuzi. Kuna mwalimu mmoja wa kemia, mwanamke mtu mzima, aliyemfuata baada ya vipindi na daftari akamwuliza kama anaweza kumsomea maneno fulani polepole, bila watu wengine kusikia.

"Nikamwambia aje nyumbani kesho," akasema. "Lakini Mjomba, unitumie mbegu za sukuma wiki. Nyuma ya nyumba kuna shamba, na hapa watu wanakula majani ya muhogo kila siku ya Mungu."